Mstari Waliouzima kwa Maziwa

Saa tatu kasoro asubuhi mlango wa chumba cha ndani unafungwa, na ukishafungwa hakuna wa kuufungua mpaka kazi iishe. Unyevu ni adui humu. Mashine ya kunyonya unyevu inakoroma kwenye kona kama mlevi aliyepitiwa na usingizi. Mbele yake, kwenye meza nyeupe, mwanamke wa makamo aliyevaa koti la maabara ameinamia trei ya vijikaratasi vyembamba vilivyopangwa safu.

Anakiinua kimoja kwa kibanio. Anakigeuzia mwanga wa dirisha, anakisogeza karibu na uso, anakirudisha. Anachukua kingine. Halafu anakirudia kile cha kwanza.

"Hiki sikiamini," anamwambia mwenzake wa upande wa pili wa meza.

Mwenzake anatazama, haoni kitu. Anaambiwa atazame tena. Mara ya tatu anakubali kwamba labda, kwa mbali sana, kuna kitu chekundu.

Ndiyo maana wanamwita Jicho. Jina la kuzaliwa analo, lakini kazini limeshasahaulika, hata mlinzi wa getini akimpokelea mgeni huuliza kama amekuja kwa Jicho. Pale wengine wanapoona karatasi nyeupe, yeye anaona mstari.

Jicho ni mtaalamu wa maabara, na kazi yake kwa sasa ni moja tu: kuunda kipimo cha haraka cha homa ya ini aina ya C. Ni kirusi kinachoingia kwa njia ya damu, na kinaweza kukaa ndani ya mtu miaka na mikaka, kikilila ini taratibu, mwenyewe hana habari. Mwili ukikutana nacho hutengeneza askari wake, kingamwili, na askari hao ndio wanaotafutwa na kijikaratasi.

Tone la damu huwekwa chini ya kijikaratasi, matone machache ya maji ya dawa yanafuata, na damu hupanda kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Kingamwili zikiwamo, mstari mwekundu hujichora katikati. Zisipokuwamo, pale panabaki peupe. Robo saa, kidole kimoja, hakuna haja ya umeme.

"Watu wanadhani kazi yetu ni kuupata mstari," anasema bila kuinua uso. "Mstari hata mtoto ataupata. Kinachotutoa jasho ni kujua kama unasema kweli."

Anasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza bei ya sabuni. Lakini tangu mwaka jana hajawahi kusoma kijikaratasi akiwa na moyo uliotulia, na hilo halifichi. Zamani alikuwa anasoma trei nzima huku anapiga soga. Siku hizi akisoma, hata ukimsalimia hakuitikii.

Ofisi yao ina vyumba vitano, juu ya duka la matairi. Harufu ya mpira hupanda mpaka ghorofani, na wageni wa mara ya kwanza huuliza ni dawa gani hiyo. Wanaoshinda na vijikaratasi ni watatu. Kuna mkuu wa mradi, mama wanayemwita Daktari, ambaye miwani huwa juu ya paji la uso huku anaitafuta mezani. Kuna Bonge, fundi wa kuchanganya dawa, mwanamume anayejaza mlango akiingia. Na kuna Jicho.

Kabla ya hapo Jicho alikuwa maabara ya hospitali kwa miaka mingi, upande wa damu. Anazijua zahanati ambazo mama aliyejifungua anavuja damu, ndugu wanakimbizana kutafuta wa kumchangia, na mhudumu anapima hiyo damu palepale kwa alichonacho kabla ya kuitundika. Mashine kubwa iko mbali na mgonjwa hana muda wa kungoja. Kipimo chao kilikusudiwa kumfaa mhudumu huyo.

Sasa kila anayeunda kipimo cha namna hii anahitaji damu za aina mbili: damu yenye kingamwili, kuhakikisha mstari unatokea, na damu safi, kuhakikisha hautokei. Damu kutoka benki ya damu ilikuja kwa vibali na kwa kubembeleza, hivyo waliitunza kwa majaribio makubwa. Kwa kazi ya kila siku walitumia iliyokuwa karibu.

Daktari alikuwa akimeza dawa za presha, akaona damu yake isije ikavuruga mambo. Bonge akiona sindano hutafuta mahali pa kukaa. Akabaki Jicho. Alipoajiriwa alipimwa kwa kipimo cha haraka cha kununua, kikasema hasi. Basi kila asubuhi alijichoma kidole, akaminya, na damu yake ndiyo ikawa damu safi ya ofisi nzima. Walimtania kwamba yeye ni mfanyakazi anayetoa jasho na damu, na walikuwa wanasema kweli.

Toleo la kwanza la vijikaratasi lilitoa mstari hafifu kwenye damu yake. Hakuna aliyeshtuka. Matoleo ya kwanza huwa hivyo, karatasi inashika kila kitu kinachopita, na mafundi hukiita hicho kivuli "uchafu". Tiba yake inajulikana katika maabara za namna hii: karatasi inalowekwa kwenye protini ya maziwa, ile inayouzwa kama unga mweupe, ili maziwa yazibe nafasi na isishike kitu kisichotakiwa.

Jicho akasema bado kuna uchafu. Daktari akasema ongeza maziwa. Bonge akaongeza. Wiki zilizofuata ofisi ilikuwa na wimbo mmoja: Jicho anasoma, anatikisa kichwa, Bonge anaongeza maziwa kidogo na sabuni kidogo kwenye maji ya dawa. Mpaka siku moja Jicho akakigeuza kijikaratasi kwenye mwanga na kusema ni cheupe, hakina hata doa. Walinunuliana soda.

Hiyo ndiyo ilikuwa hali kwa zaidi ya mwaka. Kisha mwuzaji wao wa unga wa maziwa akaishiwa, wakanunua kwingine. Unga mpya ulikuwa hafifu, hauzibi karatasi kama wa zamani, ingawa hapo hawakujua.

Asubuhi hiyo Jicho alijichoma kama kawaida, akadondosha tone, akaenda kunawa kwenye sinki la kona. Aliporudi, mstari ulikuwa pale. Haukuwa mkali. Ulikuwa kama alama inayobaki mtu akiandika kwa kalamu nyekundu na kuifuta kwa kidole. Lakini ulikuwepo.

Akajichoma kidole kingine. Ukatokea tena. Wazo lililomjia kwanza, anakiri, halikuwa ugonjwa. Ilikuwa ni kwamba toleo limeharibika, na wafadhili wanakuja wiki hiyohiyo kuona kipimo kikifanya kazi. Mkataba wake ulikuwa unategemea ziara hiyo. Alivitia vile vijikaratasi viwili mfukoni mwa koti na kujifanya hamnazo.

"Nilikuwa na maneno mawili tu mdomoni," anasema. "Ongeza maziwa. Ningeyasema, mambo yangekwisha hapo, tungekula chakula cha mchana."

Kilichomzuia ni trei ya upande wa pili. Kwenye toleo lilelile Bonge alikuwa amejaribu maji matupu ya dawa bila damu, na vijikaratasi vyote vilikuwa vyeupe kabisa. Uchafu hauchagui. Kama karatasi ni chafu, ingekuwa chafu kwa kila kitu kinachopita.

Akamwendea Bonge na kumwomba damu. Bonge alidhani ni utani. Alipoona Jicho hacheki, alivuta kiti, akakaa, akafumba macho na kutoa kidole akiwa amekigeuzia uso ukutani. Robo saa ilipotimia Jicho alikichukua kijikaratasi cha Bonge akakigeuza kwenye mwanga, akakigeuza tena, akatafuta kwa macho yake yote kivuli cha kumfariji.

Palikuwa peupe.

Alitamani kionekane chochote. Kama damu ya Bonge nayo ingechora kivuli, basi ni karatasi. Ikawa sivyo. Bonge alifumbua macho akaona mwenzake ameketi sakafuni, akauliza kama yeye Bonge ana homa ya ini. Jicho alimjibu kwamba yeye hana. Bonge akashusha pumzi, kisha akaanza kuelewa kwa nini Jicho yuko pale chini.

Daktari aliposikia, alifunga mlango wa ofisi yake. Hakusema habari za wafadhili. Alimwuliza Jicho kama anakumbuka toleo la kwanza, na Jicho akasema anakumbuka. Wote wawili walikuwa wamefika mahali pamoja. Ule uchafu waliouhangaikia wiki nenda wiki rudi, wakauzima kwa maziwa mpaka ukaisha, huenda haukuwa uchafu hata kidogo. Huenda walikuwa na kipimo kinachoona, nao wakakifundisha kutoona.

"Nilimwambia, Daktari, kama ni kweli mimi mgonjwa, basi hiki kipimo tumekiharibu kwa mikono yetu," anasimulia. "Na kama mimi ni mzima, basi kipimo kinasema uongo. Hakukuwa na njia ya tatu."

Sampuli ya damu ya mkononi mwake, bomba zima safari hii, ilipelekwa maabara kuu yenye mashine. Majibu hayakuwa ya siku moja. Katika kungoja huko Jicho aliendelea kwenda kazini, akajikaza kisabuni, akapanga trei, akaosha vyombo, lakini Daktari hakumpa kijikaratasi asome hata kimoja.

Nyumbani hakusema kitu. Mumewe ni fundi cherehani, hushona barazani, na ni mtu wa maneno mengi. Aliona mkewe anakoroga chai ambayo haikutiwa sukari. Aliona anaosha mswaki wake kando na kuuweka juu ya kabati, mbali na miswaki ya wengine. Siku aliyokuta wembe wa kukatia kucha umefungwa kwenye mfuko na kutupwa, alisimamisha cherehani na kumtaka amweleze.

Jicho alimweleza yote. Alijiandaa kuulizwa ugonjwa aliutoa wapi, maana ndilo swali ambalo watu huuliza, na yeye mwenyewe alikuwa akijiuliza usiku na mchana. Jibu alilolipata halina ushahidi, lakini hana lingine. Alipojifungua mtoto wa kwanza alivuja damu nyingi, na katika zahanati waliyoikimbilia akatundikiwa damu ya mtu asiyemjua. Ilikuwa imepimwa. Mhudumu aliyeipima alifanya kazi yake, na pengine aliona pako peupe. Pengine pia aliona kivuli akasema ni uchafu.

Mume hakuuliza hilo. Alikunja kitambaa alichokuwa akishona, akakikunjua, akakikunja tena.

"Sasa mama," akasema, "na huyu mdogo?"

Hapo, anasema Jicho, ndipo alipoanza kuhesabu miaka. Mtoto wa kwanza alizaliwa kabla ya damu ile. Lakini kitindamimba wao, binti anayeanza kung'oka meno ya mbele, alizaliwa miaka kadhaa baadaye, kutoka kwenye mwili uliokwisha kuipokea. Mama mwenye kirusi hiki mara chache humpa mtoto anapojifungua. Jicho alilijua hilo kwa takwimu, na siku ile hakuna takwimu iliyomwingia kichwani. Mara chache maana yake ni kwamba wapo.

Majibu yake yalikuja kwanza. Daktari alimwita na kumpa bahasha ikiwa imefungwa, akageukia dirishani. Mashine ilikuwa imeziona kingamwili, tena chache, ndiyo maana vipimo vya kununua vilizipita. Kipimo cha pili kilikuwa kimekiona kirusi chenyewe, kipo hai. Mstari ulikuwa unasema kweli tangu toleo la kwanza.

Alilia, anasema, kwa sababu mbili zilizochanganyika mpaka akashindwa kuzitenganisha. Sehemu ndogo yake, ile ya fundi, ilikuwa inajua kwamba karatasi waliyoitengeneza ilikuwa nzuri. Hiyo sehemu iliona haya.

Daktari aliandika barua kwa wafadhili kuwaambia wasije. Hakuna aliyejua kama baada ya hapo kutakuwa na mradi. Bonge alisema kama ni kumwaga unga wamwage wote pamoja, maana unga wa maziwa ulioleta balaa aliuchanganya yeye. Halafu wakafanya walichokiogopa zaidi: walitoa damu za benki zilizobaki, ambazo mashine kubwa ilikwisha kuzitaja kuwa na kingamwili, wakazipima kwa vijikaratasi vyao vya maziwa mengi na kwa vya maziwa machache, sambamba.

Damu zenye kingamwili nyingi zilichora mstari kotekote. Zile zenye chache, vijikaratasi vya maziwa mengi vilizipitisha kama maji. Jicho alivisoma huku Bonge akiandika, na kila aliposema peupe, sauti ilimpungua. Kila damu aliyoitaja ingetundikwa juu ya kitanda cha mtu.

"Nilikuwa namwona yule mama," anasema. "Simjui, lakini nilikuwa namwona. Amelala, anatazama mfuko unavyodondosha."

Kitindamimba alipelekwa kupimwa na baba yake, kwa mashine kubwa. Mama mtu hakuweza kwenda. Binti alikuwa ameomba apimwe kwa "karatasi za mama", kwa kuwa ameambiwa zinachoma kidogo tu, na Jicho akamkatalia kwa ukali ambao haukuwa wake. Mtoto alinuna kutwa nzima. Jicho anasema hakumkatalia kwa hasira. Ni kwamba hakukuwa na kitu ofisini kwao ambacho angekiamini kwa mtoto wake, na ukweli huo ulimuuma kuliko bahasha yake mwenyewe. Kama hakifai kwa binti yake, alikuwa anamtengenezea nani?

Kungoja majibu ya mtoto kulikuwa kitu kingine. Ya kwake aliyangoja akiwa kazini. Ya mtoto aliyangoja kila mahali. Alimtazama macho akitafuta unjano. Alimgusa tumbo upande wa kulia akimwogesha, mpaka binti akacheka kwamba anatekenywa. Mumewe, yule mwenye maneno mengi, aliacha kuongea, na barazani ikawa ni cherehani tu inayosikika.

Simu ilipopigwa Jicho alikuwa chumba cha ndani, mlango umefungwa. Bonge ndiye aliyeupokea ujumbe, na kwa mara ya kwanza tangu ofisi ifunguliwe mlango ule ulifunguliwa kazi ikiwa katikati. Trei nzima iliharibika. Bonge hakujali. Alisema mtoto mzima, hana kitu, kabla hata hajafika mezani.

Usiku huo binti alielezwa kwa maneno ya umri wake kwamba damu yake ni safi. Akauliza kama basi yeye ndiye awe anachomwa kidole kule ofisini badala ya mama. Jicho alicheka mpaka akakaa chini. Anasema hakumbuki kabla ya hapo alicheka lini.

Sasa kuna sheria mpya ukutani, imeandikwa kwa mkono wa Daktari: damu ya mfanyakazi haitatumika kama damu safi, wala ya mtoto wake, wala ya jirani yake. Kila damu inayoitwa safi lazima iwe imepita kwenye mashine kubwa kwanza. Na neno "uchafu" limepigwa marufuku. Anayeona kivuli anatakiwa aseme ameona mstari, kisha athibitishe kwamba sio.

Kazi imekuwa ngumu maradufu. Wafadhili, baada ya kimya kirefu kilichowatoa watu jasho, waliongeza muda, lakini kidogo. Maziwa yakizidi, kipimo kinakuwa kipofu. Yakipungua, kinawatia hofu watu wenye afya wasio na kitu, na Jicho anaijua hofu hiyo ilivyo. Wamekuwa wakitafuta mahali pa katikati kwa miezi, wanapapata, wanapapoteza. Toleo la sasa ndilo lililo kwenye trei mbele yake.

Yeye mwenyewe alitumia vidonge kwa muda wa miezi mitatu hivi. Kirusi hakionekani tena kwenye damu yake. Lakini kingamwili hazihami, hubaki hata adui akishaondoka, na zake ni chache vilevile kama mwanzo. Kwa kipimo cha haraka, hakuna damu ngumu kuisoma kuliko ya Jicho.

Kwa hiyo ameitoa tena. Mwezi ujao majaribio makubwa yatafanyika kwenye benki ya damu, na bomba lake litakuwa katikati ya mabomba mengine mengi, namba tupu juu yake. Watakaosoma ni wahudumu wa zahanati za mbali, watu wasiomjua na wasio na macho yake, kwa sababu ndio watakaokitumia. Yeye, Daktari na Bonge hawataruhusiwa kuingia ndani.

Anavua glavu, anazitupa, anasimama kunawa mikono. Ananawa kwa muda mrefu. Anaulizwa anachotumaini.

"Sipendi watu wajue habari zangu, lakini hilo nalitaka," anasema. "Nataka mtu nisiyemjua akitazame kile kijikaratasi changu. Akisema hii damu ni safi, tunaanza upya, na sijui kama tutapewa nafasi. Akisema hii damu asipewe mtu, siku hiyo nitalala."